Kutawakali Si Kuficha Maradhi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi akaumba na dawa zake, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), aliyewafunza watu wake kumwomba Mola kwa nyoyo zao na kushika sababu kwa mikono yao, na ziwashukie jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya haya. Liko jambo moja lisahauliwalo sana kila maradhi makubwa yaeneapo katika nchi, nalo ni kwamba khabari ya maradhi ni amana. Mwenye kuipata khabari hiyo mkononi mwake, awe mtawala, awe waziri, awe tabibu, awe baba wa nyumba, amepata mali isiyokuwa yake. Wenyewe hasa ni wale ambao roho zao zimo khatarini. Akiwapa kama ilivyo, ametimiza amana. Akiwaficha, amefanya khiyana, ijapokuwa ameficha kwa nia ya kutuliza nyoyo, na ijapokuwa ulimi wake wakati huo huo unamtaja Mwenyezi Mungu.

Wako watu wadhanio kwamba kuyataja maradhi ni upungufu wa imani, na kwamba kujikinga nayo ni kuikimbia kadari. Dhana hii ni ya zamani. Iliwahi kuulizwa mbele ya mbora wa watawala wa Kiislamu baada ya Abubakar, tena ikaulizwa na sahaba miongoni mwa walio bora, ikajibiwa jawabu iliyo wazi. Yampasa basi kila Muislamu aijue jawabu hiyo.

Katika mwaka wa 18 wa Hijra, uliowafikiana na mwaka 639 wa Miladi, tauni iliingia nchi ya Sham. Ikaitwa Tauni ya Amwasi, kwa jina la kijiji kilicho karibu na Baytul Makdis. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alikuwa safarini kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, mpakani mwa Hijazi na Sham. Hapo alilakiwa na majemadari wake, na mkubwa wao Abu Ubayda bin al-Jarrah, wakampa khabari kwamba nchi imeingiwa na maradhi.

Umar hakukata shauri peke yake. Aliwaita kwanza Muhajirina wa mwanzo akawauliza, wakakhitalifiana; wengine walisema aendelee na safari aliyoikusudia, wengine wakasema asiwapeleke watu penye mauti. Akawaita Ansari, nao wakakhitalifiana vile vile. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakawa na neno moja, kwamba arejee na watu. Basi akatangaza mbele ya wote kwamba asubuhi atapanda mnyama wake kurudi Madina. Hapo ndipo Abu Ubayda alipomwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akatamani lau neno lile lingalitoka kwa mtu mwingine asiyekuwa yeye, kisha akamweleza kwamba naam, anatoka katika kadari kwenda katika kadari. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka katika bonde lenye pande mbili, upande mmoja una malisho na mmoja ni mkavu. Awalishe huku au awalishe kule, kote ni kwa kadari ya Mungu. Baadaye akaja Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo walipokuwa wakishauriana, akatoa ilimu aliyoisikia kwa Mtume (s.a.w.), kwamba watu wakisikia tauni iko katika nchi wasiingie, na ikiwakuta ndani ya nchi wasitoke kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Mwenyezi Mungu, akarudi.

Kisa hiki husomwa sana, walakin husomwa kwa haraka, na ndani yake mna mambo matatu yawapasayo watawala na watawaliwa kuyatazama kwa makini. La kwanza, wale majemadari walimletea mtawala wao khabari mbaya, wakamletea njiani kabla hajaingia. Lau wangalitaka kumpendeza, wangalisema Sham ni salama, na mapokezi yamekwisha kutengenezwa. La pili, mtawala aliwauliza watu, akawasikiliza makundi matatu, wala hakuona haya kusema kwamba hajui. La tatu, alipingwa waziwazi na mtu aliye chini ya amri yake, naye akamjibu kwa hoja. Hakumtoa katika kazi yake wala hakumfunga mdomo.

Abu Ubayda alirudi kwa watu wake. Umar alimwandikia kumwita Madina, naye akafahamu kwamba anataka kuokolewa peke yake, akaomba aachwe pamoja na jeshi lake. Ndipo Umar alipomwamuru kuwahamisha watu kutoka nchi ya maji na unyevu hadi nchi iliyoinuka yenye hewa njema. Abu Ubayda akafa kwa tauni hiyo, akafa na Muadh bin Jabal aliyeshika mahali pake. Kisha amri ikawa ya Amri bin al-As, naye akawatoa watu mijini akawatawanya milimani hata maradhi yakaondoka. Wanahistoria wamepokea kwamba Waislamu waliokufa walipata kiasi cha 25,000. Umar alipopata khabari ya alilolifanya Amri hakulichukia. Na watu hao wote, aliyebaki na aliyetawanya, walikuwa ni watu wa kutawakali. Hapana mmoja wao aliyesema kwamba tauni haipo.

Tena kuna funzo jingine, nalo ni la dua. Sheikh Ibn Hajar al-Asqalani, bingwa wa ilimu ya hadithi, aliyefiwa na binti zake kwa tauni, alitunga kitabu kizima juu ya maradhi hayo. Ameeleza kwamba katika mwaka wa 833 wa Hijra, yaani 1430, watu wa Kairo waliitwa wafunge siku tatu, kisha wakatoka jangwani kwa wingi kuomba kama waombavyo mvua. Kabla ya kutoka, waliokuwa wakifa mjini kwa siku hawakufika 40. Walirudi majumbani mwao, na mwezi ule haujesha, wafao kwa siku wakapita 1,000. Ibn Hajar hakuilaumu dua. Alikuwa mtu wa dua usiku na mchana. Alichokilaumu ni mkusanyiko ambao wema waliotangulia hawakuufanya zama za tauni, hali masahaba walikuwako siku za Amwasi nao ndio waijuao dua kuliko wote. Na ilimu ya leo yaongeza sababu iliyo dhahiri, kwamba yako maradhi yapandayo kutoka pumzi hadi pumzi, na mkusanyiko huwa ni chombo chake cha kusafiria.

Basi na itazamwe nchi ya Tanzania katika maradhi ya korona, kwani yaliyopita huko karibu ni mizani ya kupimia haya yote. Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba maradhi hayo yameenea duniani. Tarehe 16 Machi serikali ya Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza, na siku ya pili yake ikafunga skuli. Mwanzo huo ulikuwa mwema, kwa sababu khabari ilitolewa na hatua ikachukuliwa. Misikiti na makanisa yakaachwa wazi, na Rais John Magufuli akawataka raia wa dini zote wafanye siku tatu za maombi, tarehe 17 hata 19 Aprili. Mwisho wa mwezi huo Tanzania Bara iliacha kutangaza hesabu ya wagonjwa, na mwanzo wa Mei Zanzibar nayo ikatoa hesabu yake ya mwisho. Jumla ikasimama katika wagonjwa 509 na maiti 21. Vipimo vikatiliwa shaka hadharani, mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi, na mwezi wa Juni ikatangazwa kwamba maradhi yameondoka nchini kwa baraka ya maombi.

Kuomba hakukuwa kosa. Anayemwomba Mungu zama za balaa amefanya lililo wajibu wake. Wala kukitilia shaka kipimo si kosa, kwani kipimo kikishukiwa hupimwa kwa kingine kilicho sahihi zaidi. Kosa ni kuifunga hesabu. Kwani hesabu ya wagonjwa ni ushahidi, na Kurani imekataza kuuficha ushahidi, ikamtaja mwenye kuuficha kuwa moyo wake umeingia dhambini. Tabibu wa wilaya asiyejua maradhi yamefika wapi hujitayarisha vipi? Mwana amtembeleaye mama yake mzee atajuaje kwamba huenda anampelekea mauti pamoja na zawadi? Mtu aliyenyimwa khabari hawezi kufunga ngamia wake, na Mtume (s.a.w.) alimwamuru yule bedui amfunge kwanza, ndipo ategemee.

Mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa 2021 maradhi yalirudi kwa nguvu. Likazuka neno jipya katika matangazo ya misiba, likawa mtu amefariki kwa changamoto ya kupumua. Watu walijua maana yake, walakin hawakuthubutu kutaja jina. Maaskofu wa Kikatoliki wa nchi hiyo waliwaandikia waumini wao Januari 2021 kuwaonya kwamba maradhi yapo na wajikinge. Na neno la haki huwa ni haki, alisemalo awaye yote. Katika mwezi huo huo Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alipougua, chama chake kilitangaza bila kificho kwamba ana korona. Akafariki tarehe 17 Februari 2021. Tangazo lile halikumponya, lakini liliwaonya wengine, na huo ndio utimizaji wa amana. Wazee wa Kiswahili wamesema: mficha maradhi kifo humuumbua.

Rais Magufuli alifariki Machi 2021, na serikali ikasema amekufa kwa maradhi ya moyo. Hesabu yake iko kwa Mola wake, wala haimpasi Muislamu kumtukana maiti. Imempasa kujifunza.

Huenda mtu akasema kwamba khabari za vifo hutia watu hofu, na hofu nayo yaua. Neno hili lina ukweli kidogo, kwa hiyo ndilo lidanganyalo wengi. Hofu imuuayo mtu ni ile ya gizani, asiyejua adui yuko mlango gani, akakimbilia kila uvumi na kila mwuza dawa. Khabari iliyo sahihi, ikitolewa kwa utulivu pamoja na kuonyesha la kufanya, hupunguza hofu. Umar aliwatangazia watu kwamba mbele yao iko tauni, wala watu hawakutawanyika kwa kiwewe, kwa sababu walijua kwamba mkubwa wao hawafichi.

Huenda mwingine akasema kwamba nchi ya watu maskini, wapatao chakula cha leo kwa kazi ya leo, haiwezi kufungwa miezi. Hili nalo ni kweli, na wenye mamlaka Tanzania walilisema, wakaacha masoko yafanye kazi. Mchuuzi wa samaki na mpagazi wa bandarini hawana ghala la kulia. Lakini kufungua soko hakulazimishi kufunga hesabu. Nchi yaweza kuwaacha watu watafute riziki, na pamoja na hayo ikawaambia kweli, ili mchuuzi ajue kusimama mbali na mwenzake, kuvaa barakoa na kunawa mikono. Kweli haina gharama kubwa. Na katika dawa zote ndiyo iliyo rakhisi zaidi kwa maskini.

Wala isidhaniwe kwamba kufunga peke yake ndiko haki. Nchi ya Kenya ilitangaza hesabu zake kila siku, ikazuia ibada za jamaa misikitini na makanisani, ikapiga marufuku kutembea usiku tangu tarehe 27 Machi 2020. Waislamu wa Mombasa na Lamu na Nairobi walisali tarawehe majumbani mwao Ramadhani ile, na nyoyo zao zikauma, lakini walikuwa na hoja katika dini, kwani Ibn Abbas siku ya mvua kubwa alimwamuru mwadhini awaambie watu wasali majumbani. Ikiwa matope ni udhuru, vipi mauti? Lakini huko nako wako askari waliowapiga raia, na wako raia waliouawa na wale waliotumwa kuwalinda na maradhi. Amri iliyotolewa kuhifadhi roho haitimizwi kwa kutoa roho. Kweli bila ya huruma ni nusu ya amana, na huruma bila ya kweli ni nusu yake nyingine. Na nchi haiponi kwa nusu.

Hata Hijazi, kwenye Nyumba Tukufu yenyewe, umra ilisimamishwa kwa wageni tangu Februari 2020. Hija ya mwaka ule, ambayo mwaka uliotangulia ilihudhuriwa na watu karibu milioni 2 na nusu, ilihudhuriwa na wachache mno waliokuwamo nchini humo, na mwaka 2021 ikawekewa mpaka wa watu 60,000. Ikiwa mataf yenyewe ilipunguziwa watu kwa ajili ya kuhifadhi roho, ni msikiti gani wa mtaa utakaodai kwamba maradhi hayauingii?

Walakin watawala si wao peke yao walioshika amana hii. Raia naye ana fungu lake, na huenda akawa mkali wa kumhukumu mtawala hali yeye nyumbani kwake afanya yale yale. Baba amfichaye mgonjwa chumbani, kisha akapeana mikono na watu msikitini, amefunga hesabu kama ilivyofungwa na serikali. Mtume (s.a.w.) alikataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke penye ngamia wazima, na aliyekula kitunguu saumu akamtaka asikaribie msikiti kwa ajili ya harufu tu. Mwenye kukohoa kwa maradhi ya kuambukiza ana haki zaidi ya kukaa nyumbani, tena kukaa kwake ni ibada. Na imepokewa kwamba mwenye kukaa mahali pake penye tauni kwa subira, akijua kwamba halimpati ila aliloandikiwa, ana ujira mfano wa shahidi. Ujira huo ameahidiwa mwenye kukaa. Asitarajie kuupata mwenye kuyatembeza maradhi nyumba kwa nyumba.

Jirani naye ana wajibu. Mgonjwa aliyetulia nyumbani kwake awekewe chakula mlangoni, watoto wake waangaliwe, dawa zake zinunuliwe, wala asisimangwe wala asitengwe kama mwenye aibu. Kwani aibu ndiyo iwafanyayo watu wafiche. Mji umfanyao mgonjwa kuwa mkosaji umejifungia wenyewe mlango wa khabari. Mfanya biashara naye asipandishe bei ya ndimu na tangawizi kwa sababu watu wana shida. Na mwenye simu mkononi asieneze neno juu ya dawa au juu ya chanjo ambalo hakulihakikisha, kwani yatosha kuwa dhambi mtu kusimulia kila asikialo. Kujifukiza kwa majani na kunywa vitu vya moto si haramu, na huenda kukampa mgonjwa nafuu. Walakin asiambiwe kwamba hayo yatosha akaacha kwenda kwa tabibu.

Na lililoharibika laweza kutengenezwa, maadam watu wa hai. Mwezi wa Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu kuyachungua maradhi yale, nao wakashauri kwamba hesabu zitolewe na chanjo iletwe. Mwezi wa Julai zikafika dozi zaidi ya milioni 1, na tarehe 28 ya mwezi huo Rais mwenyewe akachanjwa mbele ya macho ya watu, na serikali ikaanza tena kutoa hesabu. Hapo likarudi lile jambo la Sargh, la mtawala kuwauliza wajuao na kulifuata shauri lao waziwazi. Lakini wengi hawakukimbilia chanjo kwa haraka, na hilo si ajabu. Watu walioambiwa mwaka mzima kwamba maradhi hayapo, hawaamini kwa siku moja wakiambiwa kwamba yapo na hii ndiyo kinga yake. Khiyana ya khabari huacha deni hili, kwamba kweli ijapo hukuta mlango umefungwa.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza kwamba ile hali ya dharura imekwisha. Watu wakarudi katika shughuli zao, safu zikabanana tena misikitini. Lakini wamo katika makaburi ya bara na visiwani watu waliokufa katika miezi ile bila ya hesabu yao kutangazwa: waalimu wa vyuo, wakunga, makuli, wazee wa mitaa. Wafiwa wao na wajue kwamba wasioandikwa katika daftari la nchi wameandikwa katika daftari lisilopotea jina hata moja. Hiyo ni faraja ya wafiwa. Wala si udhuru wa mwenye kulifunga daftari, kwani daftari lile lisilopotea jina huandikwa pia majina ya walioshika amana, na vipi walivyoishika.

Maradhi mengine yatakuja, kwa kuwa dunia ni nyumba ya mitihani. Yatakapokuja, mtawala na amwombe Mungu, kisha aseme kweli. Tabibu na amwombe Mungu, kisha apime. Khatibu na amwombe Mungu, kisha awafunze watu walivyofanya masahaba. Na mwenye nyumba na amwombe Mungu, kisha amtunze mgonjwa wake bila ya kumficha. Dua na kweli ni mabawa mawili ya ndege mmoja.

Mwenyezi Mungu awaghufirie waliokufa kwa maradhi hayo, awape subira waliofiwa, awaponye wagonjwa wa Kiislamu na wa viumbe vyake vyote, na awajaalie watawala wa kila nchi kuwa na wasaidizi wenye kuwaletea khabari kama ilivyo, na masikio ya kuzisikiliza. Amin.